Kiti cha Mgeni Rasmi

Kiti kilikuwa na joto. Halikuwa joto la jua, maana stoo ile haikuwa na dirisha, na kufuli la mlangoni lilikuwa limeshikwa na kutu hata fundi mitambo akalazimika kulivunja kwa nyundo. Lilikuwa joto la kiti kilichoachwa sasa hivi na mtu aliyekikalia kwa muda mrefu. Mratibu alibonyeza mto wake mwekundu kwa kiganja, akatoa mkono, akabonyeza tena.

"Vipi, bosi?" fundi mitambo akauliza.

"Hakuna kitu. Kitoe."

Kilikuwa kimegeuziwa ukutani, kama mtoto aliyeadhibiwa. Hilo nalo aliliona. Lakini mtu anayeandaa tamasha la muziki wa asili kwenye kisiwa ambacho hata msumari unaagizwa ng'ambo hana nafasi ya kukihoji kiti kwa nini kinatazama ukuta. Anashukuru tu kwamba kina mikono, kina mgongo mrefu wa kuchongwa, na kwamba mgeni rasmi hatakalia plastiki.

Tamasha lilikuwa kesho. Spika zilikuwa zimevushwa kwa boti, zikafika zimelowa, zikaanikwa juani kama samaki. Marimba moja kubwa ilidondoka majini wakati wa kushusha na vijana wakaiogelea kuifuata. Wasanii walikuwa wanalala madarasani, wapiga ngoma wakiwalalamikia wapiga filimbi kwa kukoroma, wapiga filimbi wakiwalalamikia wapiga ngoma kwa kila kitu kingine. Na mratibu wa hayo yote alikuwa mwanamke mmoja mwembamba, sauti imemkauka, na binti yake mdogo anamfuata kila aendako, ameshika pindo la gauni lake.

Binti huyo walimwita Kidoti, kwa ajili ya alama nyeusi aliyokuwa nayo chini ya jicho. Baba hakuwepo, alishaondoka na maisha yake. Walikuwa wawili tu, mama na mwana, na kati yao kulikuwa na wimbo mmoja. Marehemu babu yake Kidoti alikuwa mpiga zeze. Alikufa na nyimbo zake zote kichwani, ila mmoja, wa kubembelezea, ambao alimwachia binti yake. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeujua. Mratibu alimwimbia Kidoti kila anapolala, naye husinzia kabla hajaushika, na kwa sababu ya wimbo huo mmoja uliosalia ndipo alipokata shauri kwamba nyimbo za wazee wengine hazitapotea namna ile. Tamasha lilizaliwa hapo.

Ukumbi wenyewe ulikuwa ghala la zamani la chumvi, la mawe, kuta nene, madirisha madogo ya nondo yaliyo juu sana. Wenyeji walipoombwa walilitoa upesi, upesi mno. Walitazamana, wakasema sawa, chukueni. Halafu hakuna hata mmoja aliyekuja kusaidia kufagia. Mratibu aliwaita wavivu, tena kwa sauti. Kumbe wenzake walikuwa na adabu zao.

Basi jioni ile, jua likiwa bado limo dirishani, walianza mazoezi ya itifaki. Wasanii walikaa kwenye mabenchi, wamechoka, wanataka kwenda kula. Kiti chekundu kiliwekwa mbele, peke yake, na pembeni yake kigoda cha mtoto wa maua.

"Turuke huku kwa mgeni rasmi," alisema mshereheshaji. Huyu alikuwa bwana mmoja mnene mwenye tai ya njano, waliyemwita Redio kwa kuwa haikuwahi kutokea siku akazimika. "Mgeni mwenyewe yuko kwake amelala. Nikaribishe hewa?"

"Karibisha," mratibu akasema. "Mazoezi ni siku yenyewe. Sitaki mtu aruke neno. Kesho ukijikwaa mbele ya mheshimiwa aibu si yako, ni yangu."

"Haya, bosi. Hewa itakaribishwa hadi ione haya."

Watu wakacheka. Mratibu aliinama kwa Kidoti, akamrekebishia utepe wa nywele, akamkabidhi shada la maua ya karatasi.

"Mgeni akifika unasemaje?"

"Shikamoo, karibu mgeni wetu."

"Na akiondoka?"

"Karibu tena!"

"Sikusikii."

"KARIBU TENA!" Kidoti akapaza, akapunga mkono kama alivyofundishwa nyumbani, ambako bibi mmoja jirani alikuwa akigeuzwa mgeni rasmi kila siku, anaingia jikoni na kutoka jikoni mpaka miguu ikamuuma. Ukumbi mzima ukampigia makofi. Mratibu aliona fahari. Aliyemlea mtoto peke yake anajua fahari hiyo ikoje, mtoto anapoonyesha adabu mbele za watu.

Redio akashika kipaza sauti, akavuta pumzi, na kwa kuwa alikuwa ameambiwa asiruke neno, akaongeza mengine ya kwake.

"Mabibi na mabwana, tusimame! Mgeni wetu rasmi anaingia. Mheshimiwa, karibu, karibu sana. Kiti hiki ni chako. Ukumbi huu ni wako. Na sisi sote uliotukuta hapa ni watu wako, hatubanduki mpaka wewe utakapoinuka!"

Wakasimama, wakacheka, wakapiga vigelegele vya mzaha. Kidoti akaenda mbele kwa mwendo wake wa mazoezi, akapiga goti, akanyoosha shada kwenye kiti, akaliachia. Mratibu, aliyekuwa nyuma kabisa akipima sauti, aliona kwamba maua hayakulala kwenye mto. Yalikuwa yamesimama wima, kimo cha kifua. Akajiambia yameegemea mgongo wa kiti. Pia kulikuwa na harufu, ya chumvi mbichi na marashi ya waridi yaliyokaa sana kwenye chupa. Akajiambia ni mmoja wa waimbaji.

Ngoma ikapigwa kidogo, marimba kidogo, filimbi kidogo. Bibi mmoja mzee, mpiga zeze, alipiga wimbo wake nusu akaukatisha, akawa anakitazama kiti kule mbele. Mzee huyo walimwita Bibi Ugoro, na sababu ilikuwa puani mwake saa zote.

"Sasa zawadi ya mgeni rasmi," Redio akatangaza. "Bosi, zawadi iko wapi?"

Zawadi ilikuwa kinyago, na kinyago kilikuwa ng'ambo, kwa mchongaji, hakijapigwa hata msasa. Mratibu alikuwa amechoka mpaka kwenye kucha. Kidoti alikuwa amelia tangu asubuhi kwa ajili ya viatu vinavyombana. Basi mama akachukua kipaza sauti cha pili, akacheka, akasema maneno ambayo mama yeyote huyasema mtoto anapomzidi:

"Mpeni huyo huyo Kidoti! Kanichosha. Mgeni amchukue tu, aende naye."

Spika zikayabeba maneno hayo, kuta zikayarudisha. Watu wakacheka tena, ila mara hii kicheko kilikatika kabla ya wakati wake, maana taa ndogo nyekundu ya kipaza sauti ilififia na spika zikatoa pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyeridhika.

Kidoti alikuwa ameketi kwenye kigoda. Aligeuza uso juu, kwa mtu aliye mrefu kuliko kiti, akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali.

"Mama," akasema, "anasema ahsante."

"Nani, mwanangu?"

"Mgeni."

Hapo ndipo kila mtu alipokitazama kiti vizuri. Mto mwekundu ulikuwa umebonyea katikati, umebonyea sana, na maua ya karatasi yalikuwa yamekaa juu ya hewa, yanapanda na kushuka taratibu kama vitu vilivyopakatwa kifuani na mtu anayepumua.

Fundi mitambo alizima mitambo. Pumzi kwenye spika haikuzimika. Akachomoa waya ukutani, akaushika mkononi, akautazama, na pumzi ikaendelea.

"Mazoezi yamekwisha," Redio akasema kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, sauti ndogo. "Watu wakale. Twendeni. Polepole tu, tusikimbie."

Wapiga marimba walikuwa karibu na mlango mkubwa wa mbele, wakawa wa kwanza. Walitoka na mbao zao begani, wakapotea kwenye mwanga wa nje, na kabla wa nyuma hawajamaliza kutoka, wa mbele walikuwa wanaingia kwa mlango mdogo wa nyuma, mbao zao begani, nyuso zao zimepauka. Wakasimama. Wakatazamana na wenzao waliokuwa bado wanatoka. Mmoja akasema, "Tumetoka, jamani. Nimekanyaga mchanga." Akainua mguu kuonyesha, na mchanga ulikuwepo. Wengine wakajaribu, kwa kukimbia, kwa kushikana mikono, kwa kinyumenyume. Fundi mitambo akapanda juu ya spika, akatoa kichwa kwenye nondo iliyolegea, akajipenyeza, akaruka nje, na akaangukia ndani, miguuni pa wapiga ngoma, akilia kwa goti lake.

Mratibu hakujaribu mlango. Alikwenda kwa mwanawe. Alimshika kwapani amnyanyue, kama alivyomnyanyua kila siku ya maisha yake, na mtoto hakunyanyuka. Akavuta. Kadiri alivyovuta ndivyo mtoto alivyozidi kuwa mzito, na mikono yake midogo ilikuwa baridi, ina unyevu wa chumvi.

"Unaniumiza, mama," Kidoti akanong'ona. Kisha akasikiliza juu, akasema, kwa sauti yake ile ile ya kuomba maji, "Anasema zawadi ikishatolewa hainyang'anywi. Anasema ukae kwenye kiti chako. Wote mkae. Anataka muziki."

Mratibu akapiga yowe. Wapiga ngoma wawili walimshika wakamrudisha nyuma, maana damu ilikuwa imeanza kumtoka mtoto puani, tone moja, kwa kule kuvutwa tu.

"Mwache, binti yangu, utamkata," alisema Bibi Ugoro. Alikuwa hajaondoka kwenye benchi lake tangu mwanzo. "Kaa. Piga moyo konde. Nyie wa ngoma, pigeni, anangoja."

"Bibi, hiki ni nini?" Redio akauliza.

"Unakijua. Unataka mimi ndiye nikitaje." Akavuta ugoro wake. "Jengo likikaa tupu miaka yote hiyo, huwa na mwenyewe. Mtu hupiga hodi, huomba radhi, huingia kwa unyenyekevu. Nyie mmeingia bila hodi, mkavunja kufuli lake, mkachukua kiti chake, halafu mkamsimamisha mtu mwenye tai amkaribishe mwenye nyumba nyumbani kwake! Na cheo mkampa. Na wenyewe hawa wanapenda makuu kuliko sisi. Ungekuwa wewe ungeondoka?"

"Msomee basi," Redio akasema. "Mfukuze."

"Mgeni rasmi anafukuzwa? Umewahi kuona wapi?"

Hapana, hakuna aliyewahi kuona. Na humo ndimo walimokuwa wamenaswa, kwa desturi yao wenyewe. Katika kila shughuli waliyowahi kufanya kazi, wasanii wale walijua jambo moja kuliko nota za nyimbo zao: hakuna anayetoka kabla ya mgeni rasmi. Hata ukibanwa na haja. Hata mvua inyeshe. Unakaa, unatabasamu, unangoja aliye mbele ainuke. Na huyu alikuwa haelekei kuinuka.

Wakapiga. Walipiga ngoma zote walizokuja nazo, wakamaliza, na kila walipomaliza Kidoti alisikiliza juu na kusema, "Anasema bado." Wakarudia za mwanzo. "Anasema bado." Jua lilikuwa limekaa kwenye nondo ya pili ya dirisha la magharibi, doa lake la rangi ya chungwa likiwa sakafuni kwenye ufa mmoja, na mratibu, aliyekuwa akilitazama doa lile kwa sababu hakuweza kumtazama mwanawe bila kupiga kelele, akaja kugundua kwamba halisogei, kwamba limekaa kwenye ufa ule tangu Redio alipotamka neno karibu, na kwamba jioni hii haitakuwa usiku, na usiku hautakuwa asubuhi, na boti ya kesho haitakuja kwa kuwa kesho yenyewe haitakuja, watakaa humu wakipiga na kupiga mpaka ngozi za ngoma zitoboke na ngozi za viganja zitoboke, kama vile vya yule kijana wa marimba ambaye vijiti vyake vilikuwa vimeanza kuacha alama nyekundu kwenye mbao na bado hathubutu kuviweka chini, na katika muda wote huo usio na mwisho mwanawe atakuwa ameketi pale, kichwa kimeinuliwa juu, anasikiliza, na kila wimbo unaokwisha anazidi kupauka, kidoti chake kinazidi kuwa cheusi chini ya jicho, mpaka atakuwa wa yule kuliko wa kwake.

Mpiga filimbi mmoja akaacha, akalia tu. Spika zikaguna. Akaiokota filimbi akaendelea huku analia.

Pengine mtu mwingine angesali tu. Mratibu naye alisali, lakini alikuwa mratibu, na kichwa chake hata kikiwa kwenye moto kilikuwa kinapanga shughuli. Akasogea kwenye benchi mpaka kwa Bibi Ugoro, akamwita Redio kwa jicho. Wakainamisha vichwa chini ya sauti ya ngoma.

"Bibi," akanong'ona, "mgeni rasmi hafukuzwi, lakini si huwa anaondoka? Baada ya neno la shukrani. Likishatolewa hana budi ainuke. Hata awe nani. Akibaki amekaa anajiaibisha mwenyewe."

Bibi akafuta pua kwa kitambaa chake.

"Hawa na aibu ni kitu na mwenzake," akasema. "Atainuka. Lakini neno la shukrani linakuja baada ya nini?"

Redio akajibu, maana ndiyo kazi yake. "Baada ya zawadi." Akafumba macho. "Akiinuka anainuka na zawadi yake."

"Sitatoa mwanangu," mratibu akasema.

"Ulishamtoa, binti yangu. Kwa mdomo wako, kwenye spika, mbele ya watu." Bibi hakusema kwa ukali, alisema kwa kumwonea huruma, na hiyo ilimuuma zaidi. "Sasa uitengue vilevile, kwenye spika, mbele ya watu, uweke nyingine badala yake. Na isiwe ya kununua. Iwe yako kweli, ambayo ikitoka imetoka. Akiona umempunja atabaki na vyote viwili."

Mratibu hakuhitaji kufikiri. Alikuwa na vitu viwili tu duniani, na kimoja kilikuwa kwenye kigoda.

"Na jambo la mwisho," bibi akasema, akamshika Redio kwa ile tai ya njano. "Akishainuka, kimya. Asisindikizwe. Mumuombee safari njema kimoyomoyo, mmwache aende. Lakini yale maneno mawili tunayomwambia kila mgeni akitoka, hayo asiyatamke mtu. Mmenielewa ni yapi? Mkimwambia vile, ameshaalikwa upya, na mimi sitakuwa na dawa."

"Bibi, mdomo wangu huu," Redio akasema, karibu kulia. "Unakwenda wenyewe. Nimeyasema maneno hayo maisha yangu yote, hata kwa watu wa kudai madeni."

"Ufunge."

Maneno yakapita benchi hadi benchi, mdomo kwa sikio, chini ya ngoma: msiseme vile, akitoka msiseme vile. Yakafika kwa wapiga marimba, yakafika kwa wapiga filimbi, yakafika kwa fundi mitambo na goti lake. Yaliwafikia wote waliokuwa kwenye mabenchi. Redio alivua tai, akaikunja, akaijaza mdomoni na ncha zake akazifunga kisogoni. Hakuna aliyecheka.

Mratibu akaenda mbele na kipaza sauti ambacho hakikuwa na umeme. Harufu ya waridi na chumvi ilimpiga mpaka machozi yakamtoka. Alipofika pale alipotakiwa kusimama, alipiga goti. Muziki ukanyamaza.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," akasema, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote, safi kuliko ilivyowahi kutoka. "Mimi ndiye mwenye shughuli. Nimekosa. Nimetoa zawadi kwa mzaha, na mgeni hapewi mzaha. Mbele ya watu hawa naiondoa, niweke nyingine."

Kidoti akasikiliza.

"Anauliza una nini kizuri kuliko mimi."

"Sina. Mwambie sina. Lakini wewe si wangu wa kutoa, wewe ni wa kwako mwenyewe. Ninacho kitu ambacho ni changu. Nina wimbo. Aliniachia baba yangu. Mheshimiwa anapenda muziki, ameusikia wote wa humu ndani, na huo hajausikia, kwa sababu hakuna anayeujua ila mimi. Nikimpa sitabaki nao."

Maua ya karatasi yaliacha kupanda na kushuka.

Basi akaimba. Alianza vibaya, koo limekauka, kisha sauti ikapata njia. Bibi Ugoro alijisemea moyoni kwamba hakuwahi kusikia kitu kama kile na kwamba baba wa mwanamke yule alikuwa bingwa. Mratibu mwenyewe hakuweza kuufurahia. Kila mstari ulipotoka kinywani, aliunyoshea mkono akilini ili aurudie, na mahali pake palikuwa peupe. Alimwona baba yake amekaa kitandani na zeze, midomo inacheza, na hakuna sauti. Aliona nyusiku zote za kumlaza Kidoti, yeye mwenyewe ameinama, kinywa kinafunguka na kufungika, kimya. Akaendelea. Machozi yalimshuka na akaendelea, mpaka neno la mwisho likatoka naye akabaki na kinywa wazi, kama mtu aliyesahau alitaka kusema nini.

Kisha spika zikatoa ile pumzi, ndefu, ya kuridhika.

"Anasema ni mzuri," Kidoti akasema. "Anasema sasa ni wake." Halafu uso wake ukakunjamana, akawa mtoto. "Mama, viatu vinabana."

Aliteleza kwenye kigoda akakimbia, mwepesi, mwepesi kabisa, na mama yake akampokea akiwa bado amepiga magoti, akamkumbatia mpaka mbavu zikalia. Mikono ilikuwa na joto lake. Nywele zilinuka mafuta yake ya nazi. Kwa furaha ile mratibu angetoa nyimbo zote za ukoo wake. Akavuta kipaza sauti, mtoto kifuani, akamalizia kazi.

"Kwa niaba ya waandaaji na wasanii wote, tunakushukuru, mheshimiwa, kwa kukubali kuwa nasi. Kwa hayo machache, shughuli yetu imefungwa."

Mto mwekundu ukainuka. Uliinuka taratibu, ukarudi kuwa mviringo, na mbao za kiti zikalia kwa kupumzishwa. Shada la maua likaanguka sakafuni. Kisha nyayo zikatokea kwenye saruji, moja mbele ya nyingine, nyeupe, nyayo ndefu za chumvi, zikipita katikati ya mabenchi kuelekea mlango mkubwa. Watu wote walikuwa wameshika midomo yao kwa mikono miwili. Bibi Ugoro alikuwa ameng'ata kitambaa chake. Redio, na tai yake ya njano hadi kooni, alitokwa na jasho kama mtu aliyebeba gunia. Mratibu alimshusha Kidoti chini ili apate mikono yote miwili, akajiziba mdomo wake mwenyewe, kwa nguvu, maana aliiogopa adabu yake.

Nyayo zikafika kizingitini. Doa la jua likabanduka kwenye ufa. Wote waliliona likisogea, kidogo, kisha zaidi, na kwa mara ya kwanza sauti za nje zikaingia: jenereta, mbwa, injini ya boti mbali. Kwenye benchi mtu akaanza kulia kwa shukrani, ndani ya viganja vyake.

Kidoti aliona nyayo zinafika mlangoni. Mgeni alikuwa anaondoka na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyesema kitu. Walikuwa wamesahau wote. Basi akajinyoosha, akarekebisha utepe wake, akapunga mkono kama alivyofundishwa.

"KARIBU TENA!" akapaza.

Kisha akainua uso kwa mama yake, kungoja asifiwe.

Nyayo zilisimama kizingitini. Hazikukaa sana. Ya kwanza ikageuka, ncha za vidole zikatazama ndani, na ya pili ikaifuata, bila haraka, mwendo wa mtu anayeitikia mwito wa heshima. Doa la jua lilisimama lilipofika. Jenereta, mbwa, boti, vyote vikakatika mara moja.

Hakuna aliyekimbia. Mto ukabonyea. Kwenye spika, kwa upole, mtu alikuwa anavumisha wimbo mzuri sana ambao mratibu hakuwahi kuusikia.

Redio akafungua tai yake, akaitoa mdomoni, akachukua kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana," akasema, "tusimame."